Kijiko cha Kahawa Iliyolala

Klinefeld, Pennsylvania
14 Januari 1974

Mdogo wangu Arvilla,

Machungwa yako ya Krismasi yamefika. Manne mazima, mengine watu wa posta sijui waliyakalia. Asante. Goti langu ni lile lile, theluji imefika dirishani, na Bi. Bomberger bado anaongea. Sasa kaa chini, nina jambo.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikuwa na kifungua kinywa kwenye ukumbi wa zimamoto kama kawaida. Mimi nilikuwa kwenye sufuria la nyama, Bi. Bomberger kwenye tosti, anaziunguza huku anapiga soga. Foleni imetoka nje ya mlango. Akaja mwanamume simjui, umri kama miaka arobaini na mitano, kofia mkononi, koti jepesi la mtu aliyezoea joto. Nikampa tosti mbili, nikamwagia nyama na mchuzi wake wa maziwa. Haondoki. Akaniambia, "Samahani mama, wewe ndiye mama yake Lamar?"

Arvilla, upawa ulinidondoka. Miaka ishirini na tatu sasa, watu wa hapa wakitaka kutaja jina la mwanangu wanaangalia kwanza kama nimo chumbani. Huyu kalitamka mbele ya foleni nzima.

Anaitwa Wendell Haverly, kwao Nebraska. Anasema alikuwa kikosi kimoja na Lamar huko Korea, na siku ile ya mwisho alikuwa ubavuni mwake. Unakumbuka jeshi walituandikia nini? "Hajulikani alipo." Basi. Ndiyo maana hata jiwe sikuweka, maana jiwe unamwekea maiti, na mimi sikuletewa maiti wala habari.

Najua unachowaza, na mimi niliwaza hivyo hivyo. Sikuzaliwa jana. Nikamleta nyumbani, nikamwekea kikaango, nyama kavu, siagi, unga na maziwa, nikamwambia, "Kama ulikaa na mwanangu, pika." Lamar alikuwa hamalizi wiki bila kuitaja hiyo nyama. Mtu akachana nyama kwa vidole, akaikaanga mpaka ikajikunja, akanyunyiza unga juu ya nyama yenyewe. Hayo kila mtu wa hapa anaweza. Halafu, kabla ya maziwa, akavuta birika la kahawa ya asubuhi, imeshapoa, akachota kijiko kimoja, akatia.

Kahawa, Arvilla! Kitabu cha mapishi cha kina mama wa zimamoto unacho hapo kwako. Kila mwanamke alipoandika pishi lake aliacha kitu kimoja makusudi, hilo linajulikana. Mimi niliacha kahawa. Hata ukumbini siitii. Nikakaa kwenye kiti nikalia mbele ya mgeni, mimi niliyemzika mume wangu Harvey macho makavu.

Amekaa chumba cha Lamar. Na mzee Hoch, mchonga mawe, nimeshamwambia: kabla ya siku ya kupamba makaburi mwezi wa tano, mwanangu atakuwa na jiwe.

Simu usipige. Laini yetu tunaitumia nyumba nne, na Bi. Bomberger akisikiliza unasikia hadi anavyopumua.

Dada yako,
Elda


Palo Seco, Arizona
21 Januari 1974

Dada Elda,

Nimeisoma barua yako mara tatu na mara zote tatu nimetokwa na jasho, na hapa ni baridi.

Dada, nani huyo? Miaka ishirini na tatu alikuwa wapi? Nebraska kuna posta. Amefikaje Klinefeld, ambako hata ramani wanasahau kupaweka? Umeona karatasi zake za jeshi, au umeona kofia tu? Na koti lake jepesi, usiniambie sasa anavaa koti la Lamar.

Mwulize kikosi kilikuwa kipi. Mwulize Lamar alikuwa anafanya kazi gani humo. Mwulize ni neno gani la mwisho alilosema, na ukipata jibu lililo tamu sana, mfungulie mlango na umwonyeshe barabara. Mtu akivuka nchi nzima kukuletea habari tamu unayoitaka, ujue kuna mahali ameinusa njaa yako.

Jiwe subiri. Nakupigia magoti, Dada, subiri. Lamar amengoja miaka yote hii, mwezi mmoja au miwili zaidi hautamdhuru.

Mdogo wako akupendaye,
Arvilla


Klinefeld
29 Januari 1974

Arvilla,

Umekuwa polisi lini?

Ndiyo, anavaa koti la Lamar. Kuna nyuzi kumi chini ya sifuri huku, ulitaka nimvishe nini, pazia? Tangu aje amenichanjia kuni, ametengeneza bawaba ya stoo, na asubuhi ananiachia kiti cha karibu na jiko. Harvey mwenyewe hakuwahi.

Maswali yako nimemwuliza yote, nikaona aibu mimi. Karatasi zake ziliungua na nyumba ya mamake. Kazi ya Lamar ilikuwa bunduki, kama wote. Walikuwa shimo moja, wanapiga risasi, theluji mpaka kiunoni, tarehe ishirini na nane ya mwezi wa kumi na moja. Lamar akapigwa kifuani. Akamshika Wendell mkono akasema, "Nipelekeni nyumbani kwa mama." Hayo ndiyo maneno yake, na hayo ndiyo Hoch atachonga: jina, mwaka, tarehe, na chini yake NIPELEKENI NYUMBANI KWA MAMA. Anaanza kuchonga baada ya Pasaka.

Unasema jibu tamu. Tamu! Mwanangu anakufa kwenye barafu na wewe unaonja kama ni tamu.

Na kama bado una shaka, jibu hili moja. Ile kahawa, duniani tulikuwa tunaijua watu wawili. Mimi, na Lamar aliyekuwa anasimama kwenye kigoda pembeni yangu ananishikia kijiko. Harvey alikula miaka thelathini asijue. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wendell ameitoa wapi kama si kinywani mwa Lamar?

Ukipata jibu, niandikie. Ukikosa, niandikie habari za hali ya hewa.

Elda


Klinefeld
6 Februari 1974

Bibi Renn,

Utanisamehe kukuandikia bila kujuana. Dada yako ananisomea barua zako, na sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa na dada mjane ningemlinda vivyo hivyo.

Nataka ujue kwamba sijamwomba chochote. Kula, kulala, na kuzungumza habari za Lamar, basi. Jioni anatoa picha zake, ananisimulia mwanawe alivyoanguka kwenye kisima cha jirani na mengine, na anacheka. Anasema alikuwa hajacheka jikoni humo muda mrefu. Mimi sina mama tena, Bibi Renn. Mtu akishazoea kula kwenye makopo anajua thamani ya sahani ya moto.

Wewe una bahati, uko kwenye jua. Nakuona umekaa chini ya ule mzeituni ulioegemea mlango wa ukumbi wa kanisa, na sisi huku tunachota theluji kwa sepetu. Usiwe na wasiwasi na dada yako. Yuko kwenye mikono mema.

Kwa heshima,
Wendell Haverly


Palo Seco
15 Februari 1974

Dada Elda,

Barua hii isome peke yako. Jifungie msalani kama huna pengine.

Huyo mgeni wako ameniandikia. Je, umewahi kumwambia habari za mzeituni ulioegemea mlango wa ukumbi wa kanisa letu? Huwezi kuwa umemwambia, kwa sababu mimi sijawahi kukuandikia. Ulianguka na upepo mwaka juzi ukaegemea pale, tukaona tuuache. Nilipoisoma barua yake nikavaa kofia nikaenda ukumbini kufungua kitabu cha wageni. Machi mwaka jana, Jumapili ya pili, mwandiko ule ule wenye mikia: W. Haverly. Alikuwa hapa, Dada. Wanapita wengi wakati wa baridi na nyumba zao za magurudumu, wanakula kifungua kinywa chetu, wanaenda zao.

Na siku hiyo nani alikuwa anagawa nyama? Mimi. Na mimi nikishika upawa naropoka, unanijua. Mtu akisifu, nasema nyama hii dada yangu wa Klinefeld naye huipika, mwanawe Lamar aliipenda, alipotea Korea. Nimeshawaambia watu mia. Kumbe mmoja alikuwa anasikiliza vizuri.

Sasa kahawa. Nitasema haraka haraka kabla moyo haujanigeuka. Kanisa letu nalo lilitoa kitabu cha mapishi. Kiko mezani pale mlangoni, kila mgeni anakichukua. Ukurasa wa thelathini na moja: "Nyama ya Mchuzi wa Maziwa, ya Arvilla Renn." Niliandika yote. Kahawa niliitia, na jina lako sikulitia. Walikuwa wananisifu, nikaona, nani wa Klinefeld atakisoma? Niliiba pishi lako, Dada, na mwizi mwingine akaniibia mimi.

Nitukane upendavyo. Lakini yale maneno yasichongwe.

Arvilla


Klinefeld
23 Februari 1974

Bibi Renn,

Nimepokea barua yako.

Kabla sijamgusa Wendell, wewe ulijuaje habari ya kahawa?

E. Umholtz


Palo Seco
2 Machi 1974

Dada yangu,

"Bibi Renn"! Haya, nimestahili.

Kahawa alinifundisha Mama. Nilikuwa mdogo, namenya viazi mezani, yeye akatia kijiko, akaniambia nisimwambie mtu. Nadhani alikufundisha wewe pia kwa wakati wake, kila mmoja akadhani ni peke yake. Mama alikuwa hivyo.

Umeshamwuliza Haverly kuhusu kitabu cha wageni? Pasaka hiyo inakuja. Tafadhali mwambie Hoch angoje.

Arvilla


Klinefeld
12 Machi 1974

Arvilla,

Mama alikufa mwaka 1936.

Kahawa niliimwaga mwenyewe, kwa bahati mbaya, Februari 1942. Lamar alikuwa na surua, mimi sijalala siku mbili. Nilikuwa nakunywa kahawa iliyolala huku nakoroga, nikasinzia, ikaingia kwenye kikaango. Nyama ilikuwa ya mwisho nyumbani, sikuweza kuitupa. Nikatia maziwa nikampa hivyo hivyo. Mtoto hakuwa amekula siku nne. Akala, akalamba sahani, akasema, "Mama, rudia kosa hilo." Tangu siku hiyo. Mama yetu alikuwa kaburini miaka sita.

Kwa hiyo umenidanganya, tena umemtia Mama kwenye uongo wako. Njia ya mwongo ni fupi, Arvilla, wewe hata hatua tatu hujafika.

Sasa nakaa hapa mezani, mwongo mmoja yuko ghalani anachanja kuni zangu na koti la mwanangu, mwingine yuko Arizona anajiita mdogo wangu. Nikikutazama wewe namwona nafuu yeye. Yeye nilimtilia shaka tangu siku ya kwanza. Wewe nilikubeba mgongoni. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi nilikuwa nakagua nguo za mgeni!

Watu wawili tu, nilikuambia. Mimi sikukuambia. Basi alikuambia Lamar. Na Lamar alikuwa hakujui. Ulihama akiwa na miaka sita, hujarudi. Alikuambia lini, na kwa njia gani?

Mpaka unijibu, Hoch ana ruhusa yangu ya kuchonga.

Elda


Palo Seco
20 Machi 1974

Dada,

Aliniandikia.

Aliniandikia barua moja kutoka Korea. Iliandikwa tarehe mbili Novemba 1950, ikanifikia wiki moja kabla ya ile simu yako kwamba hajulikani alipo. Ndani yake aliniomba nisikuambie, atakuambia mwenyewe. Nikasema nitangoja arudi. Halafu hakurudi. Halafu nikasema ngoja mwaka upite, jeraha lipoe. Harvey akafa, nikasema si sasa. Kila mwaka uliopita ulifanya mwaka unaofuata kuwa mgumu zaidi.

Huo ndio upande mzuri wa maneno yangu. Upande mwingine ni huu: nilikuwa na wivu. Mimi na mume wangu Clyde hatukujaliwa mtoto. Wewe ulikuwa na mtoto na shamba na kanisa zima. Mimi nilikuwa na barua moja ambamo mtoto yule alinichagua mimi. Sikutaka kuigawa. Nimeiweka kwenye sanduku la cherehani miaka yote, na nikiwa na huzuni naisoma. Wewe ulikuwa huna kitu cha kusoma. Nalijua hilo. Nililijua kila mara nilipoisoma.

Lakini ile habari ya jiwe siwezi kuiacha ipite. Maneno yale ya Haverly, hata kama angeleta mashahidi kumi, mimi najua ni uongo, na sasa utajua kwa nini. Sitaki umzike Lamar chini ya maneno ya mtu aliyekuwa anatafuta mahali pa kula.

Imo ndani ya bahasha hii. Si nakala, ni yenyewe. Ni yako.

Arvilla


Korea
2 Novemba 1950

Mama mdogo Arvilla,

Najua utashangaa. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa na meno mawili mabovu. Anwani yako niliipata kwenye bahasha za Mama.

Nina jambo la kucheka na jambo la siri. La kucheka: mimi ni mpishi. Nyumbani wanadhani nashika bunduki na mimi nimewaacha wadhani, maana vijana wa Klinefeld wakisikia nashika mwiko sitapona kwa kuchekwa. Bunduki ninayo, inaning'inia juu ya magunia ya unga. Nalisha watu mia na ishirini. Asubuhi ni nyama ya mchuzi juu ya mkate, jeshi zima linakula hiyo, na askari wameipa jina chafu ambalo siwezi kumwandikia mama mdogo. Mpishi aliyenitangulia alikuwa anapika gundi. Mimi napika kama Mama. Unakaanga nyama mpaka ijikunje, unga juu yake, halafu kabla ya maziwa kijiko cha kahawa iliyolala. Mimi natia upawa mzima. Usimwambie mtu, hiyo ni siri yake. Yangu hawaiiti lile jina chafu. Wanakuja na sahani wanauliza, "Leo kuna ile ya mama yake Umholtz?"

La siri: sirudi Klinefeld. Sirudi shambani. Nikilala naota ng'ombe wa Baba wananitazama. Nataka mgahawa, meza nane tu, mahali penye jua. Nilifikiria kwako. Ukinipa kochi la kulalia miezi michache nitakuwa sikusumbui, nitakupikia.

Mama usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, akiwa amekaa, anastahili hivyo. Atalia, halafu atauliza huko Arizona siagi wanapata wapi. Namjua.

Baridi imeanza, kalamu inaganda.

Wako,
Lamar


Palo Seco
16 Aprili 1974

Dada,

Pasaka imepita. Bahasha ilifika au haikufika? Nimekwenda posta kila siku mpaka karani anatikisa kichwa kabla sijafungua mlango.

Andika hata neno moja. Hata la matusi.

Arvilla


Klinefeld
29 Mei 1974

Arvilla,

Ilifika tarehe ishirini na tano ya mwezi wa tatu. Nikaisoma nimesimama kwenye sanduku la barua, nikarudi ndani, nikalala na viatu. Siku tatu sikumpikia mtu. Huyo Wendell akawa ananiletea chai mlangoni, "Mama, unaumwa?"

Siku ya nne nikaamka, nikapika. Nikamwekea sahani na barua pembeni ya sahani. Nikamwambia, "Wendell, Lamar alikuwa na kazi gani?" Akasema, "Bunduki, mama, nilishakuambia." Nikasema, "Soma." Akasoma anatafuna. Alipofika kwenye magunia ya unga taya zikasimama.

Hakubisha, hilo namkubalia. Aliweka uma chini akasema, "Nilimsikia dada yako anasimulia, nikafikiri, nyumba inayopika hivi ina kitanda kitupu. Nilitaka wiki moja tu. Halafu ulicheka." Nikamwuliza kama aliwahi kufika Korea. Akasema alifika hadi bandarini, kikosi cha kupakua meli, mlio wa bunduki hakuusikia. Nikamwambia amalize sahani, chakula hakitupwi. Akamaliza, akaiosha, akaikausha. Mlangoni nikamvua koti. Mvua ilikuwa inanyesha na nikamvua. Lile ni la mwanangu. Nilimpa la Harvey, lenye tundu.

Bi. Bomberger anasema nilimfukuza kwa sababu alinichumbia. Nimemwacha aseme.

Hoch alikuwa amekwisha chonga jina na mwaka wa kuzaliwa, maneno ya chini bado. Tarehe ya kifo nikamwambia asitie, haijui mtu. Akaniuliza, "Sasa hapa chini pakae nini, Bibi Umholtz? Pabaki patupu?" Nikamwambia achonge: MPISHI. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Jumatatu, siku ya kupamba makaburi, zimamoto wote walipita na bendera zao, wakasimama, wakasoma. Vijana wale wale ambao wangemcheka, sasa wana vipara. Hakuna aliyecheka. Mtoto wa Bomberger alivua kofia.

Sasa wewe. Sijakusamehe. Nisikudanganye, maana ya kudanganyana tumeyamaliza. Miaka ishirini na tatu nilipekua mifuko ya koti lile nikitafuta hata risiti yenye mwandiko wake, na wewe ulikuwa na kurasa mbili kwenye sanduku la cherehani. Nikikumbuka nataka kukupiga na kitu. Najua alikuomba. Aliomba unyamaze mpaka arudi, hakuomba unyamaze milele.

Na yeye pia nina hasira naye. Ng'ombe wa baba yake wana ubaya gani? Nimelia kwa hilo kuliko kwa jingine lolote, Arvilla, kwamba hakuwa anarudi. Usiku na mchana niliacha mlango wa nyuma bila komeo kwa ajili ya mtu aliyekuwa ameshaamua kwenda kwingine. Lakini yule Lamar wa Wendell, wa kuniita mama kwenye theluji, nilimpenda miezi miwili na hakuwa mwanangu. Huyu wa kuota ng'ombe ni wangu. Ile ya siagi ndiyo iliyonimaliza. Kweli ningeuliza.

Nauliza. Huko mnapata wapi siagi?

Nataka kuona mahali alipokuwa anakuja. Nataka kuona hilo kochi, kama bado unalo, na hilo jua. Nyama kavu nabeba mwenyewe, siwaamini watu wa huko. Ukurasa wako wa thelathini na moja tutaufuta jina lako kwa kalamu, mimi na wewe, kitabu kimoja kimoja, na tutaandika la mwenye pishi. Bado sijaamua kama ni langu au ni la Lamar.

Basi langu linafika Jumamosi tarehe kumi na tano, saa nane mchana. Kahawa ya asubuhi usiitupe.

Dada yako,
Elda